Tangi la kupashia maji la lita 10 lenye miksa, pamoja na programu yake: chuma safi, hesabu mbovu

Nimekaa na hili tangi miezi minne sasa, nalitumia kufundishia mizania ya nishati, yaani ile hesabu ya joto linaloingia, linalotoka na linalobaki ndani ya tangi, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu wakati natafuta la kununua nilisoma maoni ya watu na karibu yote yalikuwa "limefika salama, asante muuzaji" basi, hakuna hata mmoja aliyesema kama namba zake zinaendana na ukweli au haziendani. Jina la kampuni sitaliweka hapa, wenye nalo watalijua tu kwa maelezo.

Kwenye boksi unapata tangi la stenlesi la lita 10, hita ya kuzamisha ya wati 1500 inayoingia ubavuni, miksa yenye mota juu na propela ya mabapa sita ya upana wa sentimita 7, vibao vinne vilivyochomelewa ukutani kwa ndani ili maji yasiishie kuzunguka mduara mmoja, vihisi joto vitatu aina ya PT100, pampu ndogo yenye kipimo cha mtiririko, koki ya kutolea maji, mfuniko, na kisanduku cha umeme kinachounganishwa na laptopu kwa waya wa USB. Halafu kuna programu. Programu inafanya kazi mbili, inarekodi joto la vihisi kila sekunde, na ina sehemu ya kuigiza ambapo unaandika ujazo, mtiririko, joto la maji yanayoingia na wati za hita, unabonyeza kuanza na inakuchorea jinsi tangi litakavyopanda joto. Hiyo kazi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Nianze na chuma kwanza maana kwa kweli kinastahili sifa. Hesabu yote ya tangi la kukoroga imesimama juu ya dhana moja kubwa, kwamba ndani ya tangi kuna joto moja tu, juu, chini na katikati ni sawasawa, na maji yanayotoka kwenye koki yana joto hilohilo. Dhana hiyo ikivunjika hakuna mlinganyo utakaokuokoa. Kwa hiyo siku ya kwanza nilifunga vihisi vitatu kwa kimo tofauti, nikawasha hita bila miksa, na baada ya dakika kadhaa cha juu kilikuwa kimekiacha cha chini kwa nyuzi 6 hivi, maana hita imekaa juu kidogo ya kitako na maji yaliyo chini yake yanabaki baridi, yale ya moto yanapanda. Nikawasha miksa mizunguko 300 kwa dakika na haikupita dakika moja vyote vitatu vikawa vinasoma namba moja, tofauti ya 0.2 tu. Hapo nikasema haya, tangi limetengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Vile vibao vinne ndiyo siri, nimeona matangi mengine yasiyo navyo, maji yanazunguka na propela kama yamefungwa nayo na hayachanganyiki.

Na swichi ya kuzima hita maji yakipungua inafanya kazi, nimeijaribu mara tatu, maji yakishuka karibu na hita inakata yenyewe kabla hita haijawa wazi. Kwa darasa lenye wanafunzi 20 wanaogusagusa koki hicho ni kitu kikubwa sana.

Sasa tuje kwenye namba. Zoezi la kwanza kabisa kwenye kitabu cha maelekezo ni rahisi: jaza lita 10, koki imefungwa, pampu imezimwa, maji yako nyuzi 25, washa hita, pima muda wa kufika nyuzi 60. Programu inakwambia dakika 16 na sekunde 15. Hesabu yake unaifanya hata kwa kalamu, kilo 10 za maji mara kilojuli 4.18 kwa kila kilo kwa kila uzi, mara nyuzi 35, unapata kilojuli 1463, gawa kwa kilowati 1.5 unapata sekunde 975. Sawa kabisa kwenye karatasi. Tukawasha. Dakika 16 zikapita tukiwa bado mbali, na nyuzi 60 tuliziona dakika ya 21 na sekunde 40.

Zaidi ya dakika tano zimekwenda wapi? Wanafunzi wangu wa kwanza walisema hita ni mbovu na mimi mwenyewe nilikaribia kuirudisha. Lakini hapa ndipo hili tangi lilipoanza kunifurahisha, kwa sababu kila sekunde iliyopotea ukiitafuta unaipata, na kila unayoipata ni somo.

Ya kwanza ni tangi lenyewe. Chuma nacho kinapashwa, hakikai pembeni kikiangalia. Nilipima tangi tupu kwenye mizani likawa kilo 6, na stenlesi inachukua karibu nusu kilojuli kwa kilo kwa kila uzi, kwa hiyo ni kilojuli 3 za ziada kwa kila uzi juu ya 41.8 za maji. Ukiweka 44.8 badala ya 41.8 muda unasogea hadi dakika 17 na sekunde 25.

Ya pili ni joto linalokimbilia hewani kupitia ukuta. Hii huwezi kuisoma kwenye lebo, lazima uipime, na namna ya kuipima ni nzuri sana hadi naifanya kila muhula: fikisha maji nyuzi 60, zima hita, acha miksa inazunguka na mfuniko umefungwa, kisha ondoka zako. Chumba kilikuwa nyuzi 25, kwa hiyo pengo ni nyuzi 35, nusu ya pengo ni pale maji yakifika 42.5. Ilichukua dakika 65. Ni ile kanuni ya kupoa ya Newton ya mwaka 1701, kasi ya kupoa inafuata ukubwa wa pengo, na kutoka kwenye hiyo nusu unapata kwamba ukuta unapoteza wati 8 kwa kila uzi wa tofauti na chumba. Maji yakiwa nyuzi 60 hiyo ni wati 280 zinazokwenda kupasha chumba. Ukiingiza kwenye mlinganyo, ambao nimeuweka huko chini, muda unakuwa dakika 19 na sekunde 17.

Ya tatu ndiyo iliyonichukua wiki nzima. Lebo ya hita inasema wati 1500, lakini ukiinamisha macho pale chini kwa maandishi madogo imeandikwa ni kwa volti 230. Nikachomeka kipima umeme katikati ya soketi na waya wa hita, volti 220, wati 1370. Tofauti ya volti 10 inaonekana kitu kidogo lakini nguvu ya hita inafuata volti mara yenyewe, 220 gawa kwa 230 ni kama 0.957, ukiizidisha yenyewe unapata 0.915, asilimia 8 na nusu zimeondoka hujui. Weka wati 1370 kwenye hesabu na muda unakuja dakika 21 na sekunde 20 hivi. Sisi tulipima 21 na sekunde 40! Zile sekunde 20 zilizobaki naziachia chuma cha hita chenyewe na kihisi, maana kihisi kimevalishwa bomba la kinga na kinachelewa kidogo nyuma ya maji.

Siku ile darasa lilipoona namba zimekutana kulikuwa na kelele. Kwa hilo peke yake tangi limelipa.

Tatizo ni kwamba programu haina sehemu ya kuweka hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hakuna pa kuandika uzito wa chuma, hakuna pa kuandika upotevu wa ukutani, na wati za hita unachagua kwenye menyu ya "1500" au "750", basi. Lakini cha ajabu kuna kisanduku cha kuandika nguvu ya miksa, jambo ambalo kwa maji halina uzito wowote. Propela ya sentimita 7 kwa mizunguko 300 inaingiza majini wati moja hivi, ukilinganisha na 1370 za hita ni vumbi. Joule mwenyewe, yule mwanafizikia ambaye kipimo cha juli kina jina lake, miaka ya 1840 alipokoroga maji kwa mapanga yanayosukumwa na uzito unaoshuka alipata badiliko dogo sana la joto, ilibidi awe na vipimajoto vya kisawasawa kuliona. Ungekuwa unakoroga kitu kizito kama gundi au asali hapo sawa, mambo yanabadilika, na hata kwa maji ukiongeza mizunguko mara mbili nguvu inaruka mara nane. Lakini kuweka kisanduku cha wati moja ukaacha cha wati 280, kweli?

Ukiwasha pampu mambo ni yaleyale. Lita moja kwa dakika ya maji ya nyuzi 25, hita imewashwa, koki inatoa sawa na inavyoingia. Programu inasema tangi litatulia kwenye nyuzi 46.5. Kihalisi linatulia kwenye 42.6, na mlinganyo wenye upotevu na wati halisi unakupa 42.6 hiyohiyo. Na kitabu cha maelekezo kimeandika "subiri dakika 10 lifike hali tulivu", eti kwa sababu lita 10 gawa kwa lita moja kwa dakika ni 10. Hapana jamani. Hizo dakika 10 ni muda wa kukamilisha asilimia 63 tu ya safari, sisi dakika ya 10 tulisoma nyuzi 36.4, ilibidi tufike dakika ya 50 ndiyo namba ikaacha kusogea. Mwanafunzi akifuata kitabu ataandika 36 kama jibu na hatajua amekosea wapi.

Mpaka hapa ningeweza kusema programu imerahisishwa mno lakini si ya uongo. Kuna watu wanapenda kuanza na tangi lisilopoteza joto, sawa. Lakini kosa ninalolieleza sasa si la kurahisisha, ni kosa la fizikia, na ndilo lililonikasirisha.

Nilitaka kuonyesha tangi linalojazwa. Nikaweka kwenye programu lita 5 za maji ya nyuzi 25, hita imezimwa, miksa sifuri, koki imefungwa, pampu inaingiza lita moja kwa dakika ya maji yaleyale ya nyuzi 25. Maji ya 25 juu ya maji ya 25. Nikabonyeza kuanza na mstari ukaanza kupanda. Dakika ya tano tangi likiwa limejaa lita 10 programu ikasema nyuzi 42.3. Nikadhani nimeacha hita imewashwa mahali, nikaangalia, wapi. Nikabadilisha kipimo kutoka selsiasi kwenda kelvini nikarudia jaribio lilelile, ikaniletea 505 kelvini, yaani nyuzi 232 hivi za selsiasi, maji ya bomba! Nikageuza, nikajaza lita 10 nikatoa nusu bila kuingiza kitu, ikasema yaliyobaki yamepoa hadi nyuzi 12.5. Yaani ukimwaga maji nusu, nusu iliyobaki inapoa yenyewe.

Kwa anayetaka kujua wamekosea wapi, ni hivi. Nishati iliyomo ndani ya tangi inaweza kuongezeka kwa njia mbili, maji yaliyomo yapate moto zaidi, au maji yenyewe yaongezeke. Ukiandika mizania lazima uhesabu zote mbili. Wao wameandika joto linaloingia na maji, wakatoa joto linalotoka na maji, halafu tofauti yote wakaibebesha njia ya kwanza, wakasahau kabisa kwamba sehemu yake imetumika kuwepo tu kwa maji mapya. Ukitoa mizania ya maji kutoka kwenye mizania ya nishati, kile kipande cha maji yanayotoka kinafutika chote, unabaki na huu:

M·c·dT/dt = m·c·(Ti − T) + Q − UA·(T − Ta)

ambapo M ni kilo za maji yaliyomo, c ni ile 4.18 ya maji, dT/dt ni kasi ya joto la tangi kupanda, T ni joto la tangi, Ti joto la maji yanayoingia, Ta joto la chumba, Q wati za hita, UA ni wati ambazo ukuta unapoteza kwa kila uzi, na m ni maji yanayoingia peke yake. Angalia vizuri, maji yanayotoka hayamo! Wanafunzi wengi wanashtuka hapo, wanasema mwalimu umesahau koki, lakini fikiria, maji yanayotoka yana joto lilelile la tangi, kwa hiyo kuyatoa hakubadilishi joto la yaliyobaki, kunabadilisha kiasi tu, na kiasi kiko kwenye M. Ndiyo maana kumwaga nusu hakupoozi kitu. Na kwa sababu ndani ya mabano ni tofauti ya joto, sio joto lenyewe, jibu linakuwa lilelile ukitumia selsiasi au kelvini. Jibu likibadilika ukibadilisha kipimo ujue mlinganyo umevunjika, hilo nawaambia wanafunzi wangu sasa kila mara, na mfano nautoa kwenye hii programu.

Kosa hili halionekani kama kinachoingia ni sawa na kinachotoka, nadhani ndiyo maana limepita watu wengi hivyo. Lakini kitabu chao wenyewe kina zoezi la 7 la kujaza tangi! Ina maana hakuna aliyewahi kulifanya zoezi hilo kwa programu akalinganisha na tangi halisi lililoko mezani.

Nilichofanya ni kuitumia programu kurekodi tu, sehemu hiyo haina shida, inatoa faili safi unalifungua kwenye Excel, na kuigiza tunaigiza wenyewe. Haihitaji kitu kikubwa. Kila mstari ni sekunde 10, joto jipya ni joto la zamani jumlisha sekunde 10 mara wati zote zinazoingia toa zote zinazotoka, gawa kwa juli 44,800. Mstari wa kwanza hita ikiwashwa na pampu imezimwa ni 10 mara 1370 gawa 44,800, nyuzi 0.31, kwa hiyo 25 inakuwa 25.31, unaburuta chini na grafu inajichora. Waliozoea kuandika programu kwa Python wanatumia SciPy, maktaba yake ya hesabu, wanapata mstari uleule. Angalizo moja, hatua isiwe kubwa. Kuna kijana aliweka hatua ya dakika 20 ili amalize haraka, pampu ikiwa inafanya kazi, tangi lake likaruka karibu 62, likashuka 22, likapanda 65, kila hatua inazidi iliyopita. Tangi halijawahi kufanya hivyo, ni hatua imepita mara mbili ya ule muda wa asilimia 63, ambao ukihesabu chuma na upotevu wa ukuta ni dakika 9.6. Akarudi sekunde 10 mambo yakatulia.

Mfuniko usiuache wazi kama unataka namba zikubaliane. Maji yakiwa karibu nyuzi 60 yanayeyuka kwenda hewani, na kila gramu 100 zinazopotea kwa saa zinaondoka na wati 65 hivi, mlinganyo wa hapo juu hauna habari nazo. Mimi nimeongeza pia sponji nene kuzunguka ukuta, haikuja na boksi, na ule muda wa nusu ya pengo ukatoka dakika 65 ukafika saa 1 na dakika 55. Wanafunzi wakapiga hesabu upya wenyewe wakapata wati 4.5 kwa kila uzi badala ya 8. Lingekuja na koti lake tangu kiwandani ingekuwa vizuri.

Huduma kwa wateja, nimewaandikia mara mbili. Mara ya kwanza walinitumia kurasa za kitabu cha maelekezo ambacho tayari ninacho. Mara ya pili nikawawekea grafu ya maji ya nyuzi 25 yanayopanda hadi 42 bila hita, pamoja na mlinganyo sahihi, na safari hii akajibu mtu aliyeelewa, akaniambia amelirudia jaribio na ameliona, wanalifanyia kazi. Nimeheshimu jibu hilo. Toleo jipya bado halijatoka.

Tangi, miksa na vihisi nawapa nyota 5. Kurekodi nyota 4, imenigandia mara moja tu. Kitabu nyota 2. Kuigiza nyota 1, na kama una wanafunzi wanaoanza, usiwafungulie hiyo sehemu kwa sasa, anza nao na karatasi. Toleo jipya likitoka nitarudia jaribio la kujaza lita 5 hadi 10, mstari ukibaki umelala kwenye 25 nitarudi hapa kubadilisha hiyo nyota.